Kitabu cha ngano chenye picha kwa watoto wadogo: mwongozo kamili wa kukitengeneza mwenyewe, kuanzia kwa shosho hadi kwa saiba

Ukiingia darasa la chekechea la PP2 hapa Nakuru mjini, tuseme Kaptembwo ama Free Area, utapata mtoto wa Kiluhya amekaa na wa Kikuyu, nyuma yao kuna Mkalenjin na Mluo na Mkisii, na wote wanaongea Kiswahili kimoja cha ploti. Halafu angalia hadithi wanazosomewa. Nyingi ni za ng'ambo, na zile chache za huku zimeandikwa tu "hadithi ya Kiafrika", hausikii ni ya kina nani, imetoka mlima gani ama ziwa gani, na picha ni kibanda kile kile na shuka nyekundu ile ile kwa kila ukurasa. Mimi naamini ngano ina wenyewe, na mtoto akijua hii ni ya kina Otieno na hii ni ya kina Chebet na zote zimekaa kitabu kimoja, anamwona jirani yake vizuri zaidi. Na hapa Nakuru hiyo si jambo dogo, wenye tulikuwa hapa mwanzo wa 2008, wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, tunaelewa.

Kwa hivo hapa naeleza venye mwalimu, mzazi ama kikundi cha kanisa kinaweza kutengeneza kitabu chao cha kurasa 32, hadithi nne, saizi ya A5, kwa watoto wa miaka 4 hadi 8. Utahitaji simu, karatasi, mtu wa kuchora na saiba, yaani duka la kompyuta, yenye printa nzuri. Laptopu ikiwepo ni sawa, isipokuwepo ile ya saiba inatosha.

Chagua hadithi nne tu

Watu wengi wanaanza wakitaka kila kabila na kila nchi, wanaishia na kitabu chenye kila hadithi imebanwa peji moja na picha moja. Nne zinatosha, na baadaye utatengeneza kingine. Mpangilio wenye naupendekeza ni hadithi tatu za jamii zenye ziko darasani mwako na moja ya mbali kabisa.

Ya kwanza iwe ya wanyama na iwe ya kuchekesha, juu mtoto wa miaka minne anaingia haraka hapo. Mbio za sungura na kobe ni nzuri kwa hii. Masimulizi mengi ya Afrika hayana sungura wa kulala njiani, kobe anapanga ndugu zake mmoja mmoja barabarani mpaka mwisho, na kila sungura akiita "kobe uko wapi?" kuna mmoja anajibu "niko hapa mbele!" Watoto wote wanaitikia hiyo sehemu bila kuambiwa. Uliza kukhu, yaani nyanya, wa Vihiga ama Bungoma akusimulie yake, usichukue tu ile ya vitabuni.

Ya pili iwe ya mahali penye mtoto anaweza kupelekwa akaona kwa macho. Kanda ya ziwa tumebarikiwa kwa hizi: Kit Mikayi pale barabara ya Kisumu kwenda Bondo, jiwe la Ilesi linalolia karibu na Kakamega, na Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Hiyo Simbi naipenda sana kwa watoto. Mama mzee anafika kijijini usiku, watu wako karamuni, anaomba chakula na mahali pa kulala anafukuzwa, mwanamke mmoja peke yake anamkaribisha, yule mama mzee anamwambia achukue watu wake waondoke, na nyuma yao kijiji kizima kinazama. Ziwa lenyewe bado liko na flamingo wanakuja hapo.

Ya tatu iwe ya mbali. Anansi yule buibui wa Ghana anafaa sana kwa sababu hadithi yake inahusu hadithi zenyewe: Nyame mungu wa mbinguni ndiye alikuwa na ngano zote, Anansi akataka kuzinunua, akaambiwa alete chatu, chui na manyigu. Chatu anafungwa kwa fimbo akidhani anapimwa urefu, manyigu wanaingia kwa kibuyu wakidhani mvua inanyesha. Waliochukuliwa utumwani waliibeba hadithi hii mpaka Jamaica na visiwa vya Karibiani, na watoto wa Grade 3 wanaweza kuambiwa hilo waziwazi. Ukitaka kitu cha Asia, kuna ile ya nyani aliyeacha moyo wake nyumbani. India wanaisimulia na mamba, kwa mkusanyo wao wa kale wa Panchatantra, na pwani yetu ya Waswahili ni kima na papa, askofu Edward Steere aliichapisha mwaka wa 1870 kutoka Zanzibar. Ukiichukua ile ya pwani acha papa abaki papa na bahari ibaki bahari, usimlete Lake Victoria ati watoto waelewe. Wataelewa.

Ya nne fupi, ya "kwa nini", kwa nini fulani hana mkia, kwa nini wale hawapatani. Hapa ndipo unaweka hadithi ya shosho wa Kikuyu ama kogo wa Kalenjin, wote ni nyanya, kulingana na nani yuko karibu nawe.

Lwanda Magere mimi ningemwacha nje ya kitabu hiki. Ni hadithi kubwa, mwili wa jiwe na nguvu kwa kivuli, hakuna Mluo haijui, lakini ni ya vita kati ya Waluo na majirani zao Wanandi na inaisha kwa mke kumsaliti mumewe. Mtoto wa miaka sita wa Muhoroni mwenye deski moja na Kipchirchir anahitaji kuwa mkubwa kidogo ndio uisome naye na muiongelee vizuri. Weka ya Grade 4 kwenda juu.

Kwenda kwa msimulizi

Nenda jioni. Wazee wengi wa huku watakuambia ngano ni za usiku, na hata asipokataa mchana hataichangamsha. Na usiende peke yako na simu mkononi, beba watoto wawili watatu, kwa sababu msimulizi anasimulia kwa macho ya watoto, ukimwekea simu tu mezani atakupa muhtasari wa dakika mbili bila wimbo. Msalimie venye kwao wanasalimia, muite nyanya kwa lugha yake, dani kama ni Mluo, kukhu kama ni Mluhya, kogo kama ni Mkalenjin, cucu ama shosho kama ni Mkikuyu, na ubebe sukari na majani chai, hiyo hauhitaji kuambiwa.

Mwambie mapema unataka kufanya nini: "Dani, nataka hii hadithi iingie kwa kitabu cha watoto, na jina lako liandikwe." Akikubali rekodi, simu ikiwa kwa hali ya ndege isikatwe na kupigiwa. Kuna wenye watataka jina liandikwe na kuna wenye watasema andika tu "mama wa Gem", heshimu hiyo. Mrudie tena siku nyingine kama inawezekana, uombe hadithi ile ile, mara ya pili ndio vitu vidogo vinatoka, rangi ya ng'ombe, jina la mto, alichokula zimwi.

Andika siku ile ile jina lake, alikozaliwa, lugha aliyosimulia na nani alimsimulia yeye. Halafu wimbo. Karibu kila ngano ya huku ina wimbo katikati, na wimbo ndio unashika hadithi isianguke. Uandike kwa lugha yake, Kidholuo kibaki Kidholuo, Lubukusu ibaki Lubukusu, chini yake weka mstari mmoja wa Kiswahili kwa herufi ndogo. Mtoto wa miaka mitano anaimba wimbo wa lugha yoyote ile. Na uandike pia venye inafunguliwa na kufungwa, Waswahili wana paukwa pakawa, Waluo wanafunga na thu tinda, kila hadithi kitabuni ianze na iishe kwa njia ya watu wake.

Kuhusu sheria, Kenya ina sheria ya mwaka wa 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na semi za kitamaduni, ngano zikiwemo, na serikali za kaunti zimepewa jukumu la kuziandikisha. Kwa kitabu cha darasa ruhusa ya msimulizi ndiyo adabu ya kwanza, lakini ukitaka kuuza, pitia ofisi ya utamaduni ya kaunti kwanza uulize. Na usinakili maneno ama picha kutoka kitabu cha dukani. Ngano ni ya jamii lakini sentensi za mwandishi ni zake, na hapa kwetu haki hiyo inabaki mpaka miaka 50 baada ya kifo chake.

Kuandika kwa kurasa

Hapa kuwa makini, ndio kitabu kinatengenezwa ama kinaharibika. Kurasa 32 zigawe hivi: ya 1 jina la kitabu, ya 2 maelezo na shukrani, ya 3 ramani ndogo inaonyesha kila hadithi imetoka wapi. Hadithi ya kwanza inachukua ukurasa wa 4 hadi 11, ya pili 12 hadi 17, ya tatu 18 hadi 25, ya nne 26 hadi 31. Ukurasa wa 32 waandike wasimulizi wote na wachoraji. Kwa hivo ukifungua kitabu, kurasa mbili zinazotazamana zote ni za hadithi moja, hakuna kuchanganyikana.

Kila kurasa mbili, mistari mifupi miwili hadi minne, isipite hapo. Ukitoa kwa rekodi, ile Simbi itakuwa imeandikika hivi: "sasa huyo mama mzee alifika na ilikuwa inanyesha na akapata watu wanasherehekea, akaenda kwa huyu akakataa, akaenda kwa huyu pia akakataa." Kwa kitabu inakuwa:

Mvua inanyesha. Bibi amefika, amelowa.
"Hodi! Nisaidieni chakula."
"Toka hapa!"
Anaenda nyumba ya pili. "Hodi!"

Na hapo unakata, mtoto afungue ukurasa ajue kama nyumba ya pili watamfungulia. Swali liwe chini kulia, jibu liwe nyuma yake, hii peke yake itafanya kitabu chako kisomwe vizuri kuliko vingi vya dukani. Kama kwa rekodi watu wa karamuni wanakunywa pombe, hauhitaji kuitaja, karamu inatosha. Lakini usibadilishe mwisho, kijiji kinazama, kizame. Watoto wanaweza, wenye hawawezi ni sisi wakubwa.

Acha maneno ya sauti yajae: chubwi, pu, tii, kimya ji. Na usiweke "funzo la hadithi" mwishoni. Kama hadithi ilisimuliwa vizuri mtoto atakuuliza mwenyewe mbona walimfukuza bibi, na hayo maongezi yenu ndiyo ya maana.

Picha

Chora kwanza miraba midogo 14 kwa karatasi moja, kila mraba ni kurasa mbili zinazotazamana, na ndani weka vijiti tu vya watu, nani yuko wapi. Ukiona miraba mitatu inafuatana na watu wamesimama tu mstari mmoja, badilisha: moja iwe karibu, uso tu, nyingine iwe mbali, kijiji chote kutoka mlimani. Picha ionyeshe kile maneno hayajasema. Maneno yakisema bibi amelowa, picha ionyeshe paka wa ile nyumba amekauka ndani karibu na moto.

Mchoraji si lazima awe msomi wa sanaa. Wale vijana wa kuandika mabango ya kinyozi wana mkono mzuri sana, walipe. Watoto wenyewe wachore pia, mapambo ya pembeni na ile ramani.

Sasa ukweli wa vitu. Mchoraji wa Kisumu akichora ziwa atachora lenye anaona kila siku, lenye gugu maji limejaa na mbuta mkubwa kwa mtumbwi. Lakini mbuta aliletwa ziwani miaka ya 1950 na gugu maji limetusumbua tangu miaka ya 1990, ngano ya zamani haina hivyo, weka samaki wa zamani, ngege na kamongo, na matete. Hivyo hivyo mikalitusi, ilikuja na wakoloni. Shambani weka mtama na wimbi badala ya mahindi. Boma la Kiluo la kale liko pale Kisumu Museum, wanaliita Ber-gi-dala, mpeleke mchoraji akaone nyumba ya mikayi, mke wa kwanza, inatazama wapi na ghala limeinuliwa aje kutoka chini. Piga picha za mlango, kamba, paa kwa ndani. Ala pia: nyatiti ina nyuzi nane, usiweke gitaa lolote ukasema ni nyatiti, na kama hadithi ni ya Waluhya wa Isukha ama Idakho ngoma ni isukuti.

Mazimwi ni raha kuchora na ni rahisi kukosea. Kila jamii ina wake, Apul Apul wa Waluo, linani la Waluhya, irimu wa Wakikuyu, Chemosit wa Wakalenjin, na hawafanani. Chemosit aliandikwa mwanzoni mwa karne ya 20 kama nusu mtu nusu ndege, mguu mmoja, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Ukimchora na pembe na mkia umechora shetani wa kanisani. Uliza msimulizi "anakaa aje?" na uchore alichosema. Kwa watoto wa miaka minne onyesha kivuli ama unyayo tu, yaliyobaki wamalizie kichwani.

Shuka nyekundu ni ya Wamaasai na Wasamburu, tafadhali isiende kwa kila mtu. Na Anansi pia, nguo za Waashanti wa Ghana, wenye hadithi hiyo, ni kente, nyumba zao si za huku, tafuta picha uangalie kabla.

Kiufundi: chora kwa A4 kila ukurasa, halafu ipunguzwe iwe A5, hiyo ni asilimia 71 kwa mashine ya fotokopi. Mistari minene ya kalamu nyeusi, si penseli, penseli inapotea kwa fotokopi. Acha nafasi ya vidole viwili kila upande. Mimi napendelea ndani pasiwe na rangi na kila mtoto apake ya kitabu chake, rangi halisi iwe kwa jalada tu, na bei inashuka sana. Ukipiga picha michoro kwa simu, fanya nje kivulini mchana, bila flashi, simu ikiwa juu sawasawa.

Kama huna mchoraji kabisa, ingia African Storybook, mradi ulioanzia Afrika Kusini, uko na hadithi za lugha nyingi za huku na picha zenye zinaruhusiwa kutumika tena. Angalia leseni ya kila moja na uandike jina la aliyechora. StoryWeaver ya Pratham Books kutoka India ni hivyo hivyo.

Kupanga na kuprinti

Fonti rahisi isiyo na mapambo, saizi 16 hadi 18, maneno yakae kwa nafasi nyeupe yasiwe juu ya mchoro. Sevu kama PDF ya kurasa 32 za A5 kwa mpangilio wa kawaida, halafu mwambie kijana wa saiba aprinti kama kijitabu, pande mbili, karatasi ikigeuzwa kwa upande mfupi wa A4. Zinakuwa karatasi nane.

Kabla haujaprinti nyingi, toa nakala moja uhakikishe hesabu. Karatasi ya kwanza upande mmoja ina 32 na 1, nyuma ina 2 na 31, inayofuata 30 na 3, nyuma 4 na 29. Kila jozi ukijumlisha lazima upate 33. Ikikataa kurasa zimeruka, usikubali kulipia.

Kurasa za 16 na 17 peke yake ndizo zinazotazamana zikiwa kwa karatasi moja, pale katikati. Zingine zote zenye zinatazamana ni karatasi mbili tofauti, mchoro mpana ukipita hapo utakatika na hautakutana vizuri. Kwa huu mpangilio katikati ni mwisho wa hadithi ya pili, yaani pale maji yanafunika kijiji cha Simbi, kwa hivo mwachie mchoraji hizo kurasa mbili zote achore maji kutoka kona hadi kona.

Jalada ni manila ngumu, ama karatasi ya gramu 200 kwenda juu. Steplaa ya kawaida haifiki katikati, uliza ile ndefu, ama ushone, na kushona kunadumu zaidi kwa mikono ya watoto. Toboa mashimo matatu kwa mkunjo. Sindano iingie shimo la katikati ikitokea ndani kwenda nje, iende la juu irudi ndani, ipite katikati bila kuingia mpaka la chini itoke nje, irudi la katikati iingie ndani, ufunge ncha mbili juu ya ule uzi mrefu. Watoto wa Grade 3 wanaweza kushona vyao. Jalada lizungushie selotepu pana kwa mgongo.

Kusoma na watoto

Darasa la watoto 50 hawaoni A5. Tengeneza nakala moja kubwa kwa manila, hadithi moja tu, ya kushika mbele. Anza na mwito wa jamii ya hadithi, onyesha picha kabla ya kusoma maneno, nyamaza kidogo kabla ya kufungua ukurasa. Kama mtoto wa jamii hiyo yuko, aongoze wimbo, utaona venye anakaa wima. Rekodi ya dani unaweza kuiweka kwa grupu ya WhatsApp ya wazazi, akishakubali, wasikize nyumbani wakishika kitabu.

Mara ya kwanza usisome tu, angalia. Ukurasa wenye wanaanza kusukumana una maneno mengi, punguza. Ukurasa wenye wanasimama kuangalia picha, acha ulivyo. Rekebisha PDF kabla ya kuprinti zingine.

Nakala ya kwanza apelekewe msimulizi, asomewe na mtoto, na akisema "hapa si hivyo" irekebishwe kabla ya kitu kingine chochote. Ukiamua kuuza, namba ya ISBN inatolewa na Kenya National Library Service, na maktaba za umma za Kisumu, Nakuru na Kakamega wapelekee nakala. Michoro ya asili iweke kwa bahasha ngumu mahali pakavu, na rekodi za sauti uzisevu sehemu mbili, kwa simu na kwa barua pepe yako, zikiwa na jina la msimulizi na tarehe kwa kila faili.